Rukhmabai na Sheria ya Mwingereza

Kila wanapotajwa wanawake wa India, simulizi ni ile ile: wajane walikuwa wakichomwa hai pamoja na maiti za waume zao, hadi mwaka 1829 Gavana Mkuu William Bentinck alipopiga marufuku desturi hiyo iitwayo sati, na tangu hapo sheria ya Mwingereza ikawafungulia wanawake mlango mmoja baada ya mwingine. Simulizi hii inaudhi kwa sababu si uongo mtupu. Marufuku ilikuwapo, na mwanamageuzi Ram Mohan Roy aliipigania kwa miaka mingi. Lakini wanaume ndio waliobishana na wanaume wenzao kuhusu maandiko ya Kihindu yanavyosema, na mjane aliyekuwa akigombaniwa hakuulizwa kitu.

Anayeamini kwamba mahakama za kikoloni ndizo zilizokuwa mkombozi aisome kesi ya Rukhmabai. Huyu alikuwa binti wa Bombay aliyeozwa akiwa na miaka 11, akabaki kwao, akasoma, na alipokua akakataa kwenda kwa mume. Mwaka 1884 mume, Dadaji Bhikaji, alimshtaki akidai haki zake za unyumba. Jaji wa kwanza alimpa ushindi Rukhmabai. Baada ya rufaa mambo yakageuka, na mwaka 1887 akaamriwa aende kwa mumewe, la sivyo afungwe miezi sita. Akajibu kwamba ni heri kifungo. Sasa, dai lile la mume halikutoka katika mila za Kihindu. Lilitoka katika sheria za makanisa ya Uingereza. Na mwaka ule ule wa 1884 Waingereza walikuwa wameifuta kwao adhabu ya kumfunga mke au mume aliyekataa kurudi. Kilichoonekana ni aibu London kiliendelea kuitwa sheria Bombay. Kesi iliisha mwaka 1888 kwa mume kulipwa fedha akaachana na madai yake, na Rukhmabai akaenda London kusomea udaktari, kisha akarudi kutibu wanawake wa Surat.

Mtu atasema: bila sheria, ni wajane wangapi zaidi wangeteketea? Swali la haki, na sitalikwepa. Sheria ya 1829 iliokoa roho za watu. Hata hivyo, sheria iliyotungwa bila wanaohusika hutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Ile ya 1856, iliyopatikana kwa jitihada za Ishwar Chandra Vidyasagar, ilimruhusu mjane wa Kihindu kuolewa tena, na papo hapo ikamvua haki aliyokuwa nayo katika mali ya marehemu mumewe. Katika jamii za tabaka za chini, ambako wajane walikuwa wakiolewa tangu zamani bila kumwomba gavana ruhusa, wapo waliojikuta hasarani kwa sababu ya huruma hiyo.

Mwingine atasema Rukhmabai alikuwa na bahati: baba wa kambo daktari, na marafiki wenye uwezo. Ni kweli. Basi tumtazame Savitribai Phule, mke wa mwanamageuzi Jyotirao, wa tabaka la wakulima wa bustani, aliyeanza kufundisha wasichana mjini Pune mwaka 1848. Alirushiwa matope na mavi njiani, na husimuliwa kwamba alibeba sari ya kubadilishia akifika darasani. Hakungoja sheria. Kwa maoni yangu, sifa za mageuzi yale ziende kwanza kwa wanawake wa namna hii, na magavana wasubiri foleni.

Uingereza ililifuta kabisa dai la unyumba mwaka 1970. India huru ililiandika upya katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikasema ni halali. Sasa mke naye anaweza kulitumia dhidi ya mume, na watetezi wa kifungu hicho huuita huo usawa. Rukhmabai hakudai haki ya kumlazimisha Dadaji aje kwake, alidai aachwe.