Sare na Ulimi

Sare ni vazi lenye hekima yake. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakivaa shati la rangi moja na skafu ya namna moja, jicho hukosa pa kushika tofauti zao. Hekima hiyo iliingia katika skauti tangu asili yake. Mwaka 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, alikusanya wavulana 20 hivi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi walitoka shule za wakubwa na baadhi nyumba za wafanyakazi, wakala na kulala pamoja. Sheria ya skauti iliyofuata ilitaka kila skauti awe rafiki wa watu wote, na ndugu wa kila skauti mwenzake.

Lakini sare huficha mfuko, haifichi ulimi. Watoto mia waliosimama kimya katika gwaride huonekana mwili mmoja. Amri ya kwanza ikitaka kutolewa, huzuka swali: itolewe kwa lugha gani?

Ubelgiji ni nchi inayolijua swali hili vema. Kaskazini, Flanders, husemwa Kiholanzi. Kusini, Wallonia, husemwa Kifaransa. Pembe ndogo ya mashariki husema Kijerumani. Na Brussels ni mji wa lugha mbili kwa sheria. Skauti iliingia huko kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Leo skauti wa kiume na wa kike wamo katika vyama vikubwa vitano, viwili vya Kiholanzi na vitatu vya Kifaransa, maana tofauti za dini nazo zilichangia mgawanyiko. Hata hivyo shirika la skauti la dunia hutambua mwanachama mmoja tu kwa kila nchi, na kwa hiyo vyama hivyo vimefungamana katika shirikisho. Basi Mbelgiji wa kaskazini na wa kusini waweza kusimama chini ya bendera moja katika jambori la ng'ambo, hali nyumbani kila mmoja ana chama chake, viongozi wake na vitabu vyake.

Je, huu ni usaliti wa udugu? Mwenye haraka atasema ndiyo. Lakini hakimu mwema husikiliza pande zote. Kwa muda mrefu Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama, ya elimu ya juu na ya vyeo, hata juu ya watu wasiokifahamu. Ilikuwa mwaka 1873 ndipo sheria ilipokipa Kiholanzi nafasi katika kesi za jinai za Flanders; mwaka 1898 sheria zilizoandikwa kwa Kiholanzi zikapata nguvu sawa; na Chuo Kikuu cha Ghent hakikuwa cha Kiholanzi mpaka mwaka 1930. Kwa watu waliopita njia hiyo, umoja uliweza kuwa jina la heshima la kunyamazishwa. Tena, ahadi ya skauti ni kiapo, na kiapo hutaka lugha ya moyo. Mtoto anayeapa kwa maneno asiyoyaelewa haahidi kitu. Huiga kama kasuku. Kumwongoza mtoto kwa lugha ya mama yake ni haki, wala si chuki.

Lakini utengano wa haki waweza kuzaa ugeni usio wa haki. Tangu katiba iliporekebishwa mwaka 1970, mambo ya utamaduni yalianza kukabidhiwa jumuiya za lugha, na mambo ya vijana yakafuata njia hiyo. Hakuna aliyeamuru watoto wasijuane. Hakubaki tu aliyelazimika kuwajulisha. Hivyo udugu wa mbali ukawa rahisi kuliko ujirani.

Kila mwaka, Julai inapofika, vikundi vingi vya Flanders huenda kupiga kambi katika misitu na malisho ya Ardennes, huko Wallonia. Kiongozi kijana hukodi uwanja wa mkulima asemaye Kifaransa. Huomba maji, hununua mkate, huuliza njia, na ulimi wake hukwama. Kukwama huko kuna thamani kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa aliyekubali kuchekwa katika lugha ya mwenzake amelipa sehemu ya gharama ya udugu. Lakini ikiwa kambi itavunjwa na watoto wa kijiji hawakualikwa motoni hata usiku mmoja, kilichopatikana ni uwanja, si ndugu.

Kaulimbiu ya Ubelgiji husema jambo ambalo methali ya Kiswahili nayo husema: umoja ni nguvu. Maneno hayo ni kweli, ila umoja haushonwi na fundi wa nguo. Msomaji apime mwenyewe: anayemdai ndugu yake aache lugha yake anadai mtumwa, na asiyetaka kujifunza hata salamu ya ndugu huyo hajataka ndugu bado.