Mabao ya Kamamoto

Wakati chai inachemka, hebu tumkumbuke Kunishige Kamamoto, mzaliwa wa Kyoto. Machoni pangu, Japani haijapata mfungaji mwingine kama yeye.

Mwanzoni mwa 1968 alikwenda Saarbrücken, Ujerumani Magharibi, kujinoa chini ya kocha Jupp Derwall. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya Meksiko, Nigeria walikuwa wa kwanza kukiona cha moto: aliwafunga mabao matatu. Kisha ikaja mechi ya kuwania medali ya shaba, dhidi ya wenyeji, katika uwanja wa Azteca. Mwenzake Sugiyama akamimina krosi kutoka kushoto. Kamamoto akautuliza mpira kifuani, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Wavuni! Kabla ya mapumziko akaongeza la pili, na mechi ikaishia hapo, 2-0. Alimaliza na mabao 7, mfungaji bora wa mashindano.

Mwaka uliofuata homa ya ini ikamlaza, akakosa mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Alirudi Yanmar, timu ya kampuni, maana ligi ya kulipwa haikuwepo Japani enzi hizo, akaendelea kucheka na nyavu msimu baada ya msimu. Kombe la Dunia hakulicheza kamwe. Lakini alifikisha mabao 202 ya ligi, na alipoagwa mwaka 1984, Pelé mwenyewe alivaa jezi akaingia uwanjani kucheza naye.