Lete Nikufanyie

Shule ya kisa hiki usiitafute kwenye ramani. Iweke popote upendapo kando ya barabara ya Bunju kwenda Bagamoyo, Mapinga au Kerege au Zinga. Ni sekondari ya kata yenye madarasa yaliyojaa, chumba kimoja cha kompyuta, na walimu ambao vipindi vimewaelemea. Watu wake ni wa kubuni. Yaliyowapata yanaweza kuipata shule yoyote.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Shule yetu nayo ikapata mgao wake. Mwaka uliofuata akaripoti mwalimu kijana wa kompyuta, mchapakazi, mwepesi wa kuamkia wakubwa. Hakukaa mwezi akaona mashine za shule zimelala bure. Akachukua iliyokuwa nzima zaidi, akaipakia Moodle, mfumo wa darasa mtandao ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa bure tangu 2002, huohuo unaotumiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria. Akauunganisha na ruta ndogo, chumba kizima kikawa kinasoma bila kununua bando. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, akapanga kila mkondo uingie chumbani humo mara moja kwa wiki. Mpaka hapo hakukosea kitu.

Jumamosi moja mkuu wa shule akaitisha semina. Kukawa na projekta, maji ya chupa na wali kuku. Kijana akaeleza namna ya kufungua somo, kupandisha notisi na kutunga jaribio linalojisahihisha lenyewe. Alieleza kwa kasi ya mtu aliyezoea. Walimu wakaanza kukwama: huyu kasahau nywila, yule kabonyeza pasipotakiwa, mwingine picha zake zimelala ubavu. Kila aliyekwama alisikia maneno yaleyale ya adabu: "Lete nikufanyie, Mwalimu."

Anakichukua kishikwambi, vidole vinapita huku na huku, anakirudisha. "Tayari." Mwenyewe anashukuru, lakini ukimwuliza kilichofanyika hawezi kukwambia.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu. Madam wa Biolojia, aliyebakiza miaka michache astaafu, alikisogeza kishikwambi chake mbali na mkono wa kijana. "Acha, mwanangu. Wewe niambie nibonyeze wapi, nitabonyeza mwenyewe." Kuweka swali moja la kuchagua jibu kukamchukua karibu saa nzima. Wenzake wakacheka, mmoja akamwuliza kama anangojea kiinua mgongo chake palepale. Kijana alisimama nyuma yake, mikono mfukoni, akiona haya kumtaabisha mtu wa umri wa mama yake.

Muhula ukaenda. Walimu wakagundua njia ya mkato: ukipiga picha notisi zako na kumtumia kijana kwa WhatsApp, jioni utazikuta kwenye mfumo. Akawa anachapa, anapandisha, anatunga majaribio, anaingiza alama. Aliyesahau nywila alipewa mpya, na hiyo mpya ikaandikwa kwenye daftari la kijana. Hakudai posho wala hakulalamika. Mwalimu wa taaluma naye akaacha kukusanya alama za upimaji endelevu kwa karatasi, maana "ziko kwenye mfumo". Wadhibiti ubora wa shule walipopita, wakaonyeshwa ukurasa wenye masomo yote na majina ya walimu wote. Wakasifu. Hakuna aliyeuliza ni wangapi kati ya hao waliwahi kuingia humo kwa mkono wao.

Septemba, wiki chache kabla ya upimaji wa Kidato cha Pili, ikaja barua ya uhamisho. Kijana akaandika nywila zote kwenye karatasi, akamkabidhi mkuu wa shule, naye akaifungia kwenye droo. Akaagwa kwa soda na maneno mazuri.

Haikupita wiki, umeme ukakatika mchana kweupe mashine ikiwa inafanya kazi. Uliporudi, kompyuta ile iliwaka ikaonyesha maandishi ambayo hakuna aliyeyaelewa. Akapigiwa simu kijana. "Bonyeza pale juu kulia," akasema. "Juu kulia pa wapi?" Vocha ikaisha kabla hawajaelewana. Fundi akaletwa kutoka Bagamoyo mjini, akauamsha mfumo siku hiyohiyo. Mashine ikapona, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoonekana: mfumo ulikuwa wazi, masomo yote yamo, lakini karibu kila mwalimu alikaa mbele yake kama mgeni. Hawakujua kutoa alama, kurekebisha swali, wala kumwongeza mwanafunzi aliyehamia. Karatasi ya droo iliwapa funguo za nyumba wasiyojua vyumba vyake. Wakarudi ubaoni, wakatunga majaribio upya na kuyasahihisha usiku ili Kidato cha Pili kipate alama. Wanafunzi wakafanya kwa mara ya pili kazi waliyokwisha kuifanya.

Biolojia haikusimama. Ukurasa wa Madam ulikuwa na sura mbaya: vichwa vya habari vimepinda, mchoro wa moyo umelala ubavu, maswali hayazidi kumi kwa mada. Lakini aliyaweka mwenyewe, nywila ilikuwa kichwani mwake, na kila mwisho wa mwezi alichapisha orodha ya alama akaibandika kwenye daftari lake, kwa sababu alikuwa amekijua kitufe cha kuchapisha. Walewale waliomcheka wakaanza kumfuata mezani kwake: "Madam, hebu nielekeze." Akawaelekeza kwa sharti moja, kwamba kila mtu ashike chake.

Tunaweza kuulaumu umeme, au kumlaumu aliyeandika barua ya uhamisho. Lakini umeme hukatika na watumishi huhamishwa. Mpango wowote wa shule usiohesabu mambo hayo mawili haujakamilika. Kosa lilianza Jumamosi ile ya semina, katika sentensi yenye upole kuliko zote zilizosemwa siku hiyo. Anayemfanyia mwalimu kazi yake humwondolea taabu ya siku moja na kumwachia utegemezi wa mwaka mzima. Wahenga walilimaliza zamani: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kama unadhani mtu mzima hawezi kuachiwa ajifunze kwa vidole vyake, tazama walichoweza watoto kaskazini kidogo ya Saadani. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, katika vijiji vya mkoa wa Tanga, shindano la XPRIZE likishirikiana na UNESCO, WFP na serikali lilijaribu programu tano za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Waliopewa vishikwambi ni watoto wapatao 3,000, wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Masomo yalikuwa ndani ya kifaa, chaji ilitoka kwenye jua, na mtoto alijibonyezea mwenyewe, akikosea na kurudia. Watoto walipiga hatua, na Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya shirika la onebillion, zikagawana ushindi. Katika vijiji vile hapakuwa na mtaalamu wa kumwambia mtoto "lete nikufanyie".

Jirani zetu Kenya nao wanatukumbusha kwamba kugawa vifaa hakutoshi. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa wakati wa uchaguzi wa 2013, vifaa vikaanza kufika 2016, na katika shule kadhaa vikaishia makabatini.

Basi anayetumwa kuwasaidia walimu afanye nini? Kwanza, aweke mikono yake nyuma. Aseme, aonyeshe kwenye kifaa chake, asubiri; kishikwambi cha mwalimu kisitoke mkononi mwa mwalimu. Pili, asianze na mfumo, aanze na andalio la somo. Mwalimu aulizwe anafundisha nini Jumatatu, kisha achaguliwe jambo moja tu ambalo mfumo utamrahisishia kipindi hicho. Mwalimu anayejua jambo moja na kulifanya kila wiki ameshinda aliyeonyeshwa mambo ishirini siku moja. Tatu, kila kazi ijulikane na watu wawili angalau, na alama zichapishwe kwenye karatasi kila mwezi.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo tayari. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, unawataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Nusu saa ya kikao hicho, kila mtu na kifaa chake mkononi, ina faida kuliko semina nyingine ya wali kuku. Na kwa kuwa ADEM, wakala unaowafundisha viongozi wa shule na wadhibiti ubora, uko hapahapa Bagamoyo, ingefaa kila anayepita pale aondoke na swali moja la kuuliza akifika kituoni: mwalimu, nifungulie somo lako hapa mbele yangu, uniongezee swali moja.

Mkuu wa shule, usihesabu waliosajiliwa. Hesabu wanaoweza kufanya hivyo bila kumwita mtu. Nawe kijana unayeijua kompyuta, wenzako wanakuhitaji sana, lakini siku ya kuondoka kwako ndiyo itakayopima kazi yako. Mwenzako akikwama, simama kando yake, mwelekeze, na mwache abonyeze mwenyewe.