Wakuu wa Kumi Kumi



Katika Kutoka sura ya 18 twasoma jinsi Yethro alivyomkuta mkwewe Musa ameketi toka asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu. Akamshauri atafute wasaidizi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini hamsini na wa kumi kumi. Na tuangalie vizuri hapa. Vyeo vilikuwa vinne, lakini kipimo kilikuwa kimoja: wawe watu wenye uwezo, wacha Mungu, wakweli, wasiopenda rushwa. Mkuu wa watu kumi hakuwekewa kipimo chepesi.

Katika nchi yetu ya Kenya, uchaguzi mkuu hufanywa kila mwaka wa tano, na mpiga kura hupewa karatasi 6: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwisho mwakilishi wa wodi. Desturi ya miji midogo kama huu wetu twaijua. Mtu akisha kuchagua wa juu, hushuka na chama kile kile mpaka chini, wala hasomi tena majina. Na katika mchujo wa chama, ng'ambo hii ya mto haimpi kura mtu wa ng'ambo ile, hata akiwa mwadilifu namna gani.

Sisi tulioshika chaki miaka mingi twauliza: Je, mwalimu humpa mtoto alama za jiografia kwa sababu amefaulu hesabu? La. Kila karatasi husahihishwa peke yake. Na karatasi hii ya sita si ndogo. Tangu mwaka 1013 baada ya Bwana tusihesabu, ila tangu 2013 tuhesabu: zahanati, soko, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Mwakilishi wa wodi ndiye apitishaye makadirio ya fedha hizo na kumwuliza gavana zilivyotumika. Mama akifika zahanati na mtoto mgonjwa, akaambiwa dawa hakuna, neno hilo lamhusu mkuu wa kumi kabla ya mkuu wa elfu.

Tukumbuke pia kwamba kura ya siri ilipatikana kwa taabu. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, watu walipanga mlolongo mchana kweupe nyuma ya wagombea au mawakala wao. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuingia Bungeni. Mkopaji alipangaje mbele ya macho ya mdai wake, na kibarua mbele ya tajiri wake? Na mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Maaskofu wetu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari walikemea jambo hilo waziwazi. Aprili 1989 nyumba ya Askofu Gitari huko Kirinyaga ilivamiwa usiku, naye akaokoka. Desemba 1990 mlolongo ukaondolewa, na leo Katiba ya 2010 yaamuru kura iwe ya siri.

Basi, ndugu, tuliondolewa mstari wa uwanjani ili kila mtu asimame peke yake mbele za Mungu. Mtu akiingia chumba cha kura na mstari wa ukoo moyoni, siri hiyo yamfaa nini?

Na wale wanaogawa noti usiku, tuwapigie hesabu. Shilingi 200 ukizigawanya kwa siku 1,825 za miaka 5, hazifiki senti 11 kwa siku. Torati yasema rushwa hupofusha macho ya wenye hekima, sembuse yetu? Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubia watu kanisani. Mimbari ikisafishwa, na uani kwetu je?

Kwa hiyo, kabla ya siku ile, tuwaulize jirani za kila mgombea wa wodi: Hulipa vibarua wake kwa wakati? Fedha za kikundi alizoshika zilihesabiwa zikatimia? Mjane akipeleka shauri kwake husikilizwa? Mji wetu ni mdogo, majibu yapo. Na kura zikisha kuhesabiwa, aliyeshinda na aliyeshindwa wapige magoti pamoja kwenye meza ya Bwana. Jirani asiyesalimiana na jirani kwa ajili ya kura amepoteza zaidi ya uchaguzi.

Bwana, utupe macho ya kuwatambua wakuu wa kumi kumi, na ujasiri wa kuwachagua tukiwa peke yetu nawe. Amina.