Tunapunguza Bei kwa Nani?

Mvua ya masika ikishashika, nyasi za Eastlands hukosa adabu. Wiki mbili tatu tu, na kile kiwanja kidogo katikati ya korti ya Buruburu kinaanza kumeza mpira wa watoto, kisha panya wanahamia. Korti, kwa msomaji asiye wa mtaa, si ya hakimu. Ni nyumba zilizopangwa zikitazamana, geti moja, na nyasi kidogo za wote, jinsi mtaa ule ulivyochorwa miaka ya 1970. Na kwa sababu nyasi ni za wote, grupu ya WhatsApp inaamka. Mmoja anasema aitwe yule jamaa wa slasha. Mwingine anasema jamani, sisi ni watu wazima, tutafute kampuni. Mzozo unaanza.

Hoja zenyewe tunazijua. Upande wa slasha: bei poa, anakuja leo, hakuna kuitisha mkutano. Upande wa kampuni: mashine, ovaroli, risiti, na nyasi zinabaki urefu mmoja badala ya vipara hapa na vichaka pale. Wa kwanza anamalizia na haba na haba hujaza kibaba, wa pili anajibu rahisi ni ghali. Methali zikishaanza kupigana, ujue hakuna atakayeshawishika.

Kama swali ni ubora wa kazi, jibu si gumu. Nyasi nyingi tunazozikanyaga Nairobi ni zile ambazo kwa Kiingereza zimepewa jina la Wakikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo zimefunika viwanja hadi Australia. Ni nyasi sugu, zinatambaa, na ukizikosea leo mvua itazirudisha. Kiwanja cha korti kinatoshwa na slasha kwenye mikono ya mtu anayeijua. Uwanja wa shule au wa kanisa kubwa unataka mashine. Mambo ya ubora yanaishia hapo.

Swali gumu ni jingine: ile tofauti ya bei inatoka wapi, na ni nani anayeilipa?

Tuseme kampuni inataka elfu nne, jamaa wa slasha anataka elfu moja. Hizo elfu tatu zimeenda wapi? Sehemu ni petroli, mashine, usafiri, ushuru na faida ya mwenye kampuni. Hapo hakuna siri. Lakini sehemu nyingine ni vitu ambavyo hatuvioni hadi siku vinapokosekana: gambuti, miwani ya kukinga macho, bima. Ndani ya nyasi za mtaa kuna vipande vya chupa, waya, mawe. Jamaa wetu wa elfu moja amekuja na malapa. Slasha ikiteleza, inatua kwenye muundi wake mwenyewe.

Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Sawa. Sasa niambie, kibarua wa nusu siku aliyeitwa na nyumba ishirini kupitia simu, mwajiri wake ni nani? Siku akiumia, grupu itaandika "pole sana", wawili watatu watatuma soo mbili kwa M-Pesa, na mazungumzo yatarudi kwenye token za stima. Kwa hiyo tukisema tumeokoa elfu tatu, tuseme ukweli wote: sehemu ya pesa hiyo ilikuwa bei ya hatari. Hatari haijaondoka. Imehama kutoka mfuko wetu hadi mguu wake.

Msomaji mwepesi atasema basi imeisha, tuite kampuni, dhamiri itulie. Pole pole. Risiti inaonyesha ulicholipa. Haionyeshi aliyelipwa ni nani wala ngapi. Yule mwenye ovaroli anayesukuma mashine huenda anaishi ploti moja na jamaa wa slasha, na huenda mfukoni mwake hakufiki zaidi. Novemba 2024, mshahara wa chini kabisa wa mfanyakazi asiye na ujuzi maalum Nairobi uliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 620 kwa siku. Ukilipa kampuni elfu nne kwa kazi ya watu wawili ya asubuhi moja, hujui kama hata hiyo 620 iliwafikia. Umenunua unadhifu, na pengine umenunua pia nafasi ya kutouliza.

Nyasi fupi zina historia hiyo. Mashine ya kukata nyasi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1830, kazi ya fundi aliyeitwa Edwin Budding. Kabla ya hapo, ukitaka uwanja mzuri mbele ya nyumba ulihitaji watu wa kuufyeka kwa mkono. Uwanja ulimwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba anaweza kulipia jasho la wengine. Sisi tulirithi nyasi na tangazo lake.

Lakini kinachonisumbua zaidi si hiyo elfu moja dhidi ya elfu nne. Ni kinachotokea baada ya hapo. Kampuni ikituma makadirio yake, na nembo juu, tunayasoma, tunalalamika kati yetu, kisha tunalipa au tunakataa. Hakuna anayepiga simu kusema "boss, si uchukue mia saba." Jamaa wa slasha akisema elfu moja, tunamwambia mia saba. Akisema sawa, tunamwambia mia tano, na "tutakuita tena". Ni sisi wale wale tunaoingia supamaketi, tunalipa bei ya kwenye rafu bila neno, halafu tunatoka nje kubishana na mama mboga juu ya ashu. Tunapunguza bei kwa mtu asiyeweza kutukatalia.

Mwaka 1776 Adam Smith, ambaye watu wa soko huria humtaja kama babu yao, aliliona jambo hili. Mwenye mali na mfanyakazi wakigombana juu ya ujira, aliandika, mwenye mali anaweza kukaa mwaka au zaidi akila akiba yake. Wafanyakazi wengi hawawezi kumaliza hata wiki. Anayeweza kungoja ndiye anayeshinda. Mtaani tunaona jambo hilo kila Januari na Februari: jua kali, nyasi hazikui, karo inadaiwa. Jamaa anapita geti kwa geti na slasha yake begani. Ukimtajia soo tatu atakubali. Lakini "sawa" ya mtu mwenye njaa haikuambii kazi yake inastahili ngapi. Inakuambia njaa yake imefika wapi.

Kuna majibu mawili ambayo lazima niyape heshima. La kwanza: kupatana bei ni utamaduni wetu, mbona Gikomba hakuna anayelia? Kweli. Lakini muuza viatu wa Gikomba anajua alinunua kiatu kwa ngapi. Ukishuka chini ya hapo atakuambia "customer, nenda salama", na kiatu atakiuza kesho. Anayeuza siku yake hana bei ya kununulia, na siku isiyouzwa leo haiwekwi stoo. Kesho hawezi kuuza Jumanne ya jana.

La pili ni zito zaidi: hata sisi tumesota. Hii si Karen. Anayelipia nyasi hapa naye anakimbizana na kodi, na boss wake mjini anamfanyia hivyo hivyo. Nakubali. Lakini mtu aliyesota na anataka nyama hununua robo badala ya kilo. Hamwambii mwenye bucha ampe kilo kwa bei ya robo. Kusota ni sababu ya kununua kidogo. Si sababu ya kumlipa mtu kidogo kwa kazi ile ile. Tukikosa pesa, nyasi zifyekwe mara moja badala ya mara mbili. Au tutoke sisi wenyewe Jumamosi asubuhi, kila nyumba mtu mmoja. Kazi mbaya si mchezo mwema.

Kwa hivyo slasha au kampuni? Yoyote, mradi tusijifiche nyuma yake. Kama ni kampuni, tuulize kabla ya kulipa: watu wenu wana bima? Wanalipwa kwa siku ngapi? Anayejua kutoa risiti atajua kujibu. Kama ni jamaa, korti inunue gambuti na miwani, vikae kwa mlinzi. Tukubaliane bei kabla slasha haijainuka, siku yake ya kazi isiwe chini ya kiwango cha sheria, na pesa itumwe kabla hajatoka getini. Misikiti ya Eastleigh na makanisa ya Umoja yanatofautiana kwa mengi, lakini juu ya kutochelewesha ujira wa kibarua yanafundisha kitu kimoja. Halafu tumpe tarehe: kila wiki ya kwanza ya mwezi, msimu mzima. Mtu anayejua ataitwa lini hana haja ya kukubali soo tatu.

Na kabla ya kuandika "mwambie apunguze" kwenye grupu, kuna swali moja la kujiuliza: kama mtu huyu angekuwa na uwezo wa kukataa, angetaja bei gani? Tuanzie hapo.