Divai ya Bei Ndogo

Twaulizana neno hili: Je, kitu kilichonunuliwa kwa fedha kidogo chastahili kufurahiwa kwa moyo mzima?

Huko Toscana, katika nchi ya Italia, wengi hula chakula cha jioni pamoja na bilauri ya divai nyekundu iitwayo Chianti, ifanywayo hasa kwa zabibu za Sangiovese. Ziko chupa za bei kubwa, ziko na za bei ndogo. Na hata hiyo ya bei ndogo, uchachu wake wapatana vema na nyama na mchuzi wa nyanya. Mwenye kuinywa kwa kiasi pamoja na jamaa zake, akaifurahia, hakukosa. Kuidharau kwa ajili ya bei ni kiburi tu, maana ulimi hausomi bei.

Lakini liko na onyo. Mwaka 1986, katika Italia hiyo hiyo, wafanya biashara wengine walitia methanoli, ambayo ni sumu, katika divai rahisi, ili kuizidisha nguvu kwa gharama ndogo. Watu wapatao 20 walikufa, na wengine walipofuka macho. Hao nao walikaa mezani kwa amani, wala ulimi haukuwaonya.

Basi, urahisi u namna mbili. Utokao katika mavuno mengi na kazi ya haki ni baraka. Utokao katika hila, mwingine huulipa. Nasi tupendao kupunguziwa bei, tusiache kuuliza: Sehemu iliyopunguzwa, ni nani aliyeilipa?