Sufuria Moja, Ndoa Moja



Mwezi huu naanza kwa kuungama mbele yenu. Nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, kipimo kikasoma 6.5. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba chini ya 6.1 ni salama, na 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa, ni ugonjwa wa kisukari. Mimi nilikuwa katikati, nimefika mlangoni. Sikuwa na maumivu yoyote. Basi nikaikunja ile karatasi, nikaificha ndani ya Misale yangu, nikaendelea kula kama kawaida kwa wiki tatu. Jioni nawafundisha wachumba kiapo cha kupendana katika afya na ugonjwa, na huku namficha mke wangu.

Aliipata alipokuwa akipanga vitabu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba watoto, ulitaka nijue siku ya kukuzika?"

Nilimkumbuka mzee Tobiti. Alipopofuka, mkewe Ana alifuma nguo ili wapate riziki. Siku moja waajiri wake wakamwongezea mbuzi mdogo juu ya ujira. Tobiti akamshuku kuwa ameiba, wakakosana vibaya. Ndugu zangu, ugonjwa hauingii mwilini tu, huingia pia katika maneno ya nyumbani. Mgonjwa huona aibu, mwenzake huwa askari wa kulinda sahani, na mapenzi huanza kupoa.

Nasi tulijikwaa. Wiki ya kwanza mke wangu alinipikia peke yangu. Watoto wakila chapati, mimi nakula mboga kama mgeni. Nikawa natoroka hadi kibanda cha karibu na steji kula mandazi. Ndipo tukakubaliana: sufuria ni moja kwa nyumba nzima. Nusu ya sahani ni sukuma wiki, managu au terere, ambazo zimejaa soko la Mutindwa. Robo ni maharagwe, ndengu, samaki au yai. Robo iliyobaki ni ugali. Wala tusidanganyane kwamba ugali wa wimbi huliwa bila kipimo, kwa maana wimbi pia ni wanga.

Kisha tukahesabu chai. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, soda bado! Tulipunguza kijiko kimoja kila wiki. Jumuiya ikija kwetu kusali, chai huletwa bila sukari na bakuli la sukari huwekwa kando. Hakuna aliyetuita wachoyo.

Jambo la tatu ni kutembea. Siku tano kwa wiki, kabla giza halijaingia hapa Buruburu, tunafuata barabara ya Mumias South kwa nusu saa tukisali Rozari. Jumla ni dakika 150. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahusu watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni kama mimi. Waliofundishwa kutembea kiasi hicho, kula kwa kiasi na kupunguza uzito kidogo, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58.

Baada ya miezi mitatu kipimo changu kilisoma 5.9. Huenda isiwe hivyo kwa kila mtu. Wengine watahitaji dawa, na kumeza dawa si kukosa imani. Lakini kila aliyeonywa apimwe tena angalau mara moja kwa mwaka, na mwenzake ajue majibu siku hiyo hiyo.

Tobiti hakupona peke yake. Mwanawe Tobia alirudi na nyongo ya samaki kama alivyoelekezwa na malaika Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni Mungu huponya. Mungu alimponya mzee kwa mikono ya watu wa nyumba yake.

Basi wiki hii, enyi waume na wake, zimeni televisheni mkae pamoja. Kila mmoja amweleze mwenzake: Je, kuna karatasi ya hospitali niliyokuficha? Je, nikikuonya juu ya chakula, nakuonya kwa upendo au kwa dharau? Na kesho, katika sufuria yetu, tutabadili nini?

Mungu azibariki meza zenu.